Dobi Povu na Dawa ya Kuamsha Kinga

Wewe unayesoma, tuambiane ukweli kabla hatujaanza. Neno kansa likitajwa, unageuza shingo. Jirani yako alikonda mbele ya macho yako, ukasema labda ni mawazo. Shangazi yako alijifunga kitambaa kichwani mwaka mzima, hukumuuliza kitu. Mfanyakazi mwenzako aliacha kuja kazini, ukachukua kiti chake kwa sababu kilikuwa karibu na dirisha. Ulijua. Sote tulijua. Tukanong'ona, "ana ule ugonjwa," kana kwamba ugonjwa una masikio, na ukisikia jina lake utatufuata nyumbani.

Basi leo huendi popote. Kaa hapa usome habari za dobi mmoja na mkewe. Ni watu wa kawaida kama wewe. Nao waligeuza macho, na nusura mmoja amzike mwenzake.

Dobi mwenyewe mtaa mzima ulimwita Povu. Jina hilo alipewa na watoto wa shule, kwa sababu kila walipopita walimkuta mikono imezama kwenye povu hadi viwikoni. Mkewe aliitwa Mama Pasi. Povu alifua, Mama Pasi alinyoosha, na maisha yalikwenda hivyo tangu wakiwa vijana wembamba.

Duka lao lilikuwa chumba kimoja cha mbele na ua mdogo nyuma. Uani kulikuwa na bomba, makarai, kamba za kuanikia na mashine kuukuu ya kukamulia nguo. Chumba cha mbele kilikuwa na meza ya pasi, rafu za nguo zilizokunjwa, na kiti kimoja cha mteja. Harufu ya sabuni na kitambaa cha moto ilikuwa imeingia hadi kwenye kuta.

"Povu, hii kola umeisugua au umeibembeleza?" Mama Pasi aliuliza kila asubuhi.

"Nimeibembeleza. Ungekuwa wewe ungeikaripia."

"Na bado ina uchafu."

"Basi ipeleke mahakamani, mke wangu."

Ndivyo walivyopendana, kwa kuchokozana. Siku Povu asipochokozwa, aliuliza mkewe anaumwa nini.

Duka lilikuwa na sheria moja. Povu aliirithi kwa baba yake, ambaye naye alikuwa dobi. Sheria ilisema: mteja haonyeshwi doa. Shati likiungua na pasi, likivuja rangi, likidondokewa na wino, unalishughulikia kimya kimya. Unasugua, unatia limau, unatia jiki, unashona. Mteja akija anakuta nguo imekunjwa vizuri, sehemu mbovu imetazama ndani. Anashukuru, anaondoka.

"Ukimwonyesha mteja doa," Povu alisema, "umemwonyesha njia ya kwenda kwa dobi mwingine."

Sheria hiyo ndiyo iliyotaka kumuua.

Povu alipenda kufua akiwa peku. Asubuhi moja aliketi juu ya ndoo, akainua mguu, akaona doa jeusi kwenye unyayo, karibu na kisigino. Hakushtuka. Kalamu zilizosahauliwa mifukoni zilivuja kwenye maji yake kila wiki. Huu ni wino, alijiambia. Akachukua jiwe la kusugulia gaga, akasugua. Doa likabaki. Akapaka limau. Akatia jiki hadi ngozi ikawasha. Doa likabaki pale pale.

"Doa gumu hili," alimwambia mkewe. Alisema kwa fahari kidogo, kama mtu aliyempata mpinzani wa saizi yake.

Mama Pasi alichungulia, akacheka hadi akashika mbavu. "Dobi kashindwa na doa! Nikimwambia mtu hataniamini."

Kicheko kile alikuja kukijutia sana.

Doa likatanuka. Kingo zake zilikwenda ovyo, huku zimeingia, huku zimetoka. Mahali lilikuwa jeusi, mahali kahawia. Kisha likaanza kutoa majimaji. Povu akaanza kuvaa viatu vya mpira, akasema sakafu ina baridi. Mama Pasi aliviona viatu. Hakuuliza. Kwenye duka lile madoa hayakuulizwa.

Siku moja Povu alianza kuchechemea. Uvimbe ulikuwa umemtokea kwenye kinena.

Asubuhi hiyo alikuja Sista. Sista alikuwa muuguzi wa wodi ya kansa katika hospitali kubwa, na nyumba yake ilikuwa nyuma ya duka. Sare zake nyeupe zote zilifuliwa na Povu. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya chini na jicho lisilopitwa na kitu.

"Mzee wangu, mguu vipi?"

"Mtoki tu, Sista. Utapoa wenyewe."

"Mtoki hauji bila sababu. Una kidonda?"

Povu akajifanya anatafuta sabuni. Mama Pasi akaweka pasi chini. Ulimi wake ulikuwa mzito, lakini aliuinua. "Ana doa chini ya mguu."

"Vua kiatu, mzee wangu."

"Sista, mguu wa dobi hautazamwi na mtu aliyevaa nyeupe."

"Mguu wa dobi ndio unaonivalisha hiyo nyeupe. Vua."

Povu akavua. Sista alipiga magoti kwenye sakafu yenye maji, na sare yake safi, akautazama unyayo kwa muda mrefu. Tabasamu lake likaondoka taratibu.

"Mmelisugua?"

"Kwa kila kitu kilichomo dukani," Povu alisema.

"Kesho asubuhi tunaongozana hospitalini. Na wewe mama, unakuja."

Hospitalini walikata kinyama kidogo kutoka kwenye doa, wakakipeleka maabara. Jibu lilipokuja, daktari hakuzunguka. Alikuwa binti mwenye umri wa mtoto wao wa mwisho, mpole, lakini msema kweli.

"Mzee, hii ni kansa ya ngozi. Inaanzia kwenye chembe zinazoipa ngozi rangi yake."

"Kansa ya ngozi si ya watu weupe?" Mama Pasi aliuliza.

"Wengi wanadhani hivyo, mama. Sisi wenye ngozi nyeusi hutupata zaidi mahali pasipotazamwa. Chini ya unyayo. Kwenye kiganja. Chini ya ukucha. Tunasema ni wino, ni kujigonga, ni mwiba. Tunachelewa."

Daktari wa upasuaji aliliondoa doa lote na nyama ya pembeni yake. Lakini picha za ndani ya mwili zilionyesha kwamba kansa ilishahama. Ilikuwa kwenye tezi za kinena, na vivimbe vidogo vilikuwa kwenye mapafu.

"Kisu peke yake hakitoshi," daktari alisema. "Tutakupa tiba ya kuamsha kinga. Ni dawa ya kingamwili."

"Ni zile za kunyonyoa nywele?"

"Hizo ni nyingine, mzee. Hii hainyonyoi."

Povu akapapasa upara wake. "Nilitaka kujua tu. Zangu ziliondoka zamani bila kuaga."

Sasa utauliza: dobi alipata wapi dawa ya namna hiyo? Uliza, ni swali zuri. Dawa hizi ni ghali mno. Wapo wakubwa waliosema, na bado wanasema, kwamba si za watu wanaofua nguo. Maneno hayo si mapya. Yalisemwa pia juu ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Tukazika ndugu zetu huku dawa zimejaa makabati ya nchi tajiri. Kuna watu wangependa usahau. Usisahau.

Povu alipata kwa sababu ya bima ya afya. Na bima haikushuka kutoka mbinguni. Miaka michache kabla ya doa, madobi wa mji ule waliambiwa haiwahusu, maana hawana mwajiri. Wakaweka sabuni chini, wote kwa pamoja. Hoteli zikakosa mashuka. Mabwana wakakosa mashati ya kuvalia mikutano, ikiwemo mikutano ya kuwakatalia madobi bima. Povu na mkewe walikaa barabarani juani, makarai vichwani, hadi wakaandikishwa. Hawakupewa. Walichukua.

Jioni baada ya kusikia habari ya dawa, Sista alipita dukani. Povu alikuwa uani, mguu umefungwa bandeji, umelazwa juu ya karai. Mama Pasi alikuwa anakamua mataulo kwenye mashine.

"Sista, hebu nieleze tena taratibu," Povu alisema. "Daktari kaeleza vizuri, lakini nilikuwa naangalia koti lake. Limenyooshwa vibaya."

"Baba we!" Mama Pasi alifoka.

"Sasa nimdanganye Sista?"

Sista akageuza ndoo, akaikalia. "Mzee wangu, mwilini mwako kuna walinzi. Ni chembe nyeupe za damu. Wanazunguka na kukagua. Wakikuta kijidudu, wanakiua. Wakikuta chembe ya mwili iliyoharibika, nayo wanaiua."

"Wa kwangu walikuwa wapi? Walilala?"

"Hawakulala. Walizuiwa. Kila mlinzi ana kitufe cha kumsimamisha. Kitufe hicho kina maana, ili walinzi wasije wakapiga nyama nzima. Lakini kansa ni janja. Imejifunza kukibonyeza. Mlinzi anafika, ananyanyua rungu, kansa inabonyeza. Anasimama tu anatazama."

"Kama mlinzi aliyepewa soda," alisema Mama Pasi.

"Hasa, mama. Sasa kingamwili. Hizi mwili huzitengeneza wenyewe. Kila moja hushika kitu kimoja tu, kile kinacholingana nayo. Vingine inavipita. Wataalamu wamejifunza kuzitengeneza maabara. Hii yako imetengenezwa ikashike kile kitufe. Inakifunika. Kansa ikija kubonyeza, haipati pa kubonyeza. Mlinzi anaendelea na kazi yake."

Povu akatazama mashine yake ya kukamulia. Mashine ile ilikuwa na kitufe chini ya kifuniko. Ukifungua kifuniko, kitufe kinaruka na mashine inasimama yenyewe. Povu hakupenda kusubiri. Zamani alikibana kitufe kwa utepe mweusi wa fundi umeme, ili mashine izunguke hata ikiwa wazi.

"Kumbe kitufe changu mnakibana kwa utepe," alisema.

"Ndivyo hivyo."

"Utepe wenyewe ulikula koti la mwalimu," Mama Pasi alidakia. "Mkono mzima uling'oka! Mashine ilikataa kusimama, nikakimbilia swichi ya ukutani nusura nianguke."

Sista akamwelekezea kidole. "Hapo ndipo nilipotaka tufike, mama. Dawa hii inaachia walinzi. Safari nyingine wanavuka mpaka, wanaanza kupiga sehemu nzima. Utumbo, ngozi, mapafu, ini. Hawatasimama wenyewe. Lazima awepo mtu karibu na swichi. Akihara, akipata kikohozi kipya, akikosa pumzi, akitoka upele, macho yakiwa ya njano, akichoka kuliko kawaida, mnanipigia. Hata kama miezi imepita. Na msinunue dawa dukani kwanza, mtaficha moto chini ya majivu."

"Na itamponya?" Mama Pasi aliuliza. Swali hilo alikuwa amelibeba kutwa nzima.

"Sitakudanganya, mama. Wengine kansa inanywea, wanaishi miaka. Wengine dawa haiwasaidii. Tutajua kwa kupima."

"Dada yangu ana kansa ya titi. Naye aombe hii hii?"

"Asichukue tu ya shemeji yake kama anavyoazima kanga. Kuna kingamwili nyingine kwa baadhi ya kansa za titi. Hiyo inashika alama iliyo juu ya kansa yenyewe. Wengine wanayo alama, wengine hawana, na anayepewa dawa hiyo hupimwa moyo. Aulize daktari: kinyama changu kimepimwa alama gani? Kuuliza ni haki yake."

Matibabu yakaanza. Povu alikalishwa kwenye kiti cha kuegemea, akatundikiwa dripu ya maji maangavu. Muda wake ulikuwa kama wa kunyoosha mashati machache.

"Hii tu?" Povu alilalamika. "Nilijiandaa kufa, kumbe ni maji!"

"Nyamaza, maji yenyewe yasije yakakusikia," mkewe alisema. Chini ya shuka alilofunikwa Povu, alikuwa amemshika kidole gumba.

Kila baada ya wiki chache walirudi. Mtoki ukaanza kulainika. Povu akaanza tena kupiga mluzi uani. Mama Pasi alipousikia mluzi ule kwa mara ya kwanza, alisimama na pasi hewani hadi ikatoa moshi.

Kisha Povu akakutana na fundi saa.

Walikutana kwenye benchi la kusubiri dawa. Fundi saa naye alikuwa mgonjwa, mtu mwembamba, mwongeaji. "Ndugu yangu," alinong'ona, "nikupe siri. Mimi niliwaambia tumbo linaniendesha. Wakasimamisha dawa siku hiyo hiyo. Wewe ukiona kitu, funga mdomo."

Neno lile lilimwingia Povu na kukaa. Lilifanana sana na sheria ya baba yake.

Haikuchukua muda, tumbo likaanza. Kwanza kidogo, kisha kila saa. Povu hakusema. Alinunua vidonge vya kufunga tumbo dukani, akavificha kwenye kopo la sabuni. Akasema hana njaa kwa sababu ya joto. Akasema amekonda kwa sababu ya kazi.

Lakini alisahau ameoa nani. Mama Pasi alisoma nguo kama wengine wanavyosoma magazeti. Alijua nani kaachana na mkewe, nani kapata kazi, nani ananyonyesha. Asubuhi moja alipitia kamba za uani. Nyuma ya mashuka ya wateja, mahali pasipofikiwa na jua, zilining'inia suruali za Povu. Suruali ya juzi, ya jana na ya leo. Zote zimefuliwa kabla jua halijatoka. Zote zinanuka jiki.

Hakuna dobi anayetia jiki kwenye suruali nyeusi, ila ana kitu cha kuua.

"Povu."

"Naam, mke wangu."

"Unahara tangu lini?"

"Nani kasema nahara?"

"Suruali zako zimesema. Zote kwa pamoja."

Povu akakaa kwenye ukingo wa karai. Ghafla alionekana mdogo. "Tumbo tu. Linapita."

"Kuna damu?"

Povu akaanza kukwangua sabuni iliyogandia kwenye karai.

"Baba watoto, kuna damu?"

"Kidogo."

Mama Pasi akaingiza mkono mfukoni kutafuta simu. Povu akamshika kiwiko.

"Usipige. Nakuomba. Wakijua wananikatia dawa. Umeushika huu mtoki? Umepungua! Dawa inafanya kazi. Ukinikatia hii, umenizika kwa mikono yako. Tumeishi kwa kusitiriana, mama. Nisitiri na hili."

Mama Pasi alisimama pale, simu mkononi, maji yakidondoka kutoka kwenye mashuka. Aliogopa kama yeye. Vipi ikiwa Povu anasema kweli? Vipi wakimkatia, uvimbe ukarudi, na yeye ndiye aliyepiga simu? Angenyoosha nguo za nani? Angemchokoza nani?

Akakumbuka alivyocheka siku ile ya doa.

"Nilikusitiri mara ya kwanza," alisema. "Niliona viatu vyako vya mpira nikanyamaza. Nikakusitiri hadi kansa ikafika mapafuni. Sikusitiri tena, Povu. Ninuniwe tu."

Akapiga.

Sista hakusema mengi. "Mleteni sasa hivi. Asile kidonge kingine chochote."

Povu alilazwa siku hiyo. Daktari alieleza kwamba walinzi walikuwa wameugeukia utumbo mpana, umevimba na kuwa mwekundu wote kwa ndani. "Vile vidonge vya dukani vilikuwa vinaficha hali," alisema. "Mngeendelea kusubiri, utumbo ungeweza kutoboka. Hapo tungempoteza."

Wakasimamisha dawa ya kingamwili. Wakampa dawa za kutuliza kinga, kwanza kwa dripu, kisha vidonge vya kupunguzwa polepole. Daktari alikaza neno hilo: visikatizwe ghafla, hata tumbo likitulia.

Povu akanuna. Alinuna kwelikweli. Mkewe alimletea chai, akageukia ukutani. Alimletea supu, akasema haina chumvi kabla hajaonja. Mama Pasi alikaa kando ya kitanda na hofu yake, akikunja na kukunjua taulo lile lile.

Sista alikuja, akasimama miguuni mwa kitanda. "Mzee wangu, nasikia umekasirika."

"Mmenikatia dawa."

"Nani alikuambia ufiche?"

"Fundi saa. Aliwaambia tumbo linamwendesha, wakamsimamishia."

"Ndiyo, tulimsimamishia. Ndiyo maana yuko hai hata akakupotosha. Na hakukuambia mwisho wake. Tumbo lilipopona, madaktari walikaa wakamrudishia. Si wote hurudishiwa, mzee, sikufichi. Lakini walinzi wakishaamka, mara nyingi huendelea na kazi hata dripu ikiwa haipo. Aliyetoboka utumbo ndiye hana wa kumrudishia kitu."

Povu alivuta shuka hadi kidevuni. Lakini hakugeukia ukutani tena.

Asubuhi moja Mama Pasi alifika, akamkuta amekaa, amelishika shuka la hospitali kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya.

"Mke wangu, hebu nusa hapa. Shuka hili nani kalifua? Sabuni haijatoka! Na kunyoosha, wamenyoosha kwa makalio?"

Mama Pasi akaanza kucheka, kisha akalia, kisha akafanya vyote pamoja. Povu akamvuta akae kitandani.

"Umekonda," alimwambia.

"Mimi nimekonda? Jitazame kwanza wewe."

"Ulifanya vizuri kupiga." Alisema kwa sauti ndogo sana. "Lakini usiseme nimesema."

"Nitautangazia mtaa mzima."

Tumbo lilipopona, walimpiga tena picha za ndani. Daktari aliziweka za zamani na za sasa kando kwa kando. Vivimbe vya kinena vilikuwa vimenywea. Vya mapafuni, viwili havikuonekana kabisa, na vilivyobaki vilikuwa vidogo kama punje. Madaktari wakakaa, wakakubaliana kumrudishia dawa kwa uangalifu. Hawakusema amepona. Walisema inafanya kazi, na wataendelea kumpima. Kwa Mama Pasi, maneno hayo yalitosha kupikia na kubaki.

Siku hizi Povu anafua akiwa amevaa viatu, na kila Jumamosi anavivua, anamnyooshea mkewe nyayo azikague kwenye mwanga wa mlango. "Kagua vizuri, bosi," humwambia. Utepe mweusi umetoka kwenye mashine. Na mwezi uliopita mwalimu yule wa koti alipokuja kuchukua gauni lake, Povu alilikunjua mezani, akamwonyesha alama ya pasi kwenye pindo. Mwalimu alimsema vibaya sana. Wiki iliyofuata akaleta mapazia ya nyumba nzima.

Fundi saa pia hajaachwa. Povu humkuta bado kwenye benchi, na kabla mwenzake hajafungua mdomo, humuuliza kwa sauti ya kusikika wodi nzima: "Fundi! Umekwenda choo vizuri?"

Sasa wewe.

Usiniambie hadithi imekugusa. Kuguswa hakujamtibu mtu. Wakati unasoma, jina la mtu fulani limekujia kichwani. Anayechechemea na kusema ni mwiba. Mwenye uvimbe kwenye titi anaoufunika kwa kanga. Au yuko kwenye dawa hizi tayari, tumbo linamwendesha, na amekuomba umtunzie siri. Nenda ukagonge mlango wake. Mpeleke hospitali, kaa naye kwenye foleni, na mkifika mbele muulize daktari mnachotaka kujua: ni kansa gani, kinyama kimepimwa nini, kuna kingamwili inayomfaa? Wakikuambia ipo ila si ya watu kama nyinyi, usirudi nyumbani kulia. Tafuta wenzako, wafuaji, wapishi, madereva, walimu, mkae barabarani hadi iwe yenu.

Anza na ule mlango. Leo, si mwisho wa mwezi. Inuka.